Mti Namba Themanini na Saba

Jumanne, 4 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kile kikohozi kimekuachia. Mimi sijambo, ila miguu imevimba, maana tangu tushuke melini sijakaa chini. Mwambie Shangazi sweta lake limeniokoa. Baridi ya huku haina adabu, inaingia mpaka kwenye meno.

Miti yako imefika, yote mia moja na ishirini. Nimeihesabu mara mbili, unanijua nilivyo. Wameiweka kwenye banda refu la vioo, karantini wanaiita, na haitoki humo mpaka wataalamu wao waikague mmoja mmoja. Kwa heshima ya zawadi, juu ya mlango wametundika bendera mbili, yetu na yao, zimeshonwa pamoja. Jana balozi wetu alikuja na viatu vyake vya kung'aa, akapita katikati ya magunia akiuliza, "Sasa maua yako wapi?" Nikamwambia, Mheshimiwa, miti imesafiri ikiwa imelala, itachanua mwakani. Akasema mwakani ni mbali mno. Nusura nicheke mbele ya watu.

Sherehe ya kuipanda ni tarehe kumi na tano Aprili, kando ya barabara inayoingia bungeni kwao, sitini huku na sitini huku. Watu wananisimamisha njiani: ni kweli inatoa maua meupe yenye moyo mwekundu? Nawaambia subirini mjionee. Nawaambia baba yangu ndiye aliyeilea, miaka thelathini na sita kwenye kitalu kimoja, nyumbani kila mtu anamwita Bwana Miche. Najidai mpaka naona haya mwenyewe.

Cheti cha usafi wa miti nilichosaini kabla hatujaondoka wamekibandika mlangoni, na jina langu hapo chini linaonekana vizuri. Mkaguzi mkuu wa huku ni mama mmoja asiyecheka hata kidogo. Alikisoma, akanitazama, akasema, "Kazi nzuri." Baba, siku ile nzima sikushikika. Wiki chache zijazo wataanza kufungua magunia, nitakuandikia.

Mwanao,
Bi Mkaguzi


Alhamisi, 20 Machi

Mwanangu, mama yangu mdogo,

Marahaba, marahaba sana. Sisi huku wazima. Kikohozi bado kipo, tumeshazoeana. Shangazi yako anasema sweta usilifue kwa maji ya moto, litabaki la kumvisha mwanasesere.

Barua yako nimeisomea kitaluni, watu wote tumekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Pale pa balozi na viatu vyake imebidi niparudie mara tatu. Yule mzee wa kumwagilia ameniomba barua yenyewe akamsomee mkewe. Nimemnyima, ni yangu.

Sasa nisikilize. Mti namba themanini na saba ni ule uliobebesha wewe mwenyewe ulipokuwa mwanafunzi, kikonyo chako cha kwanza kushika kwenye shina la mti mwingine. Wakati wa kufunga mizigo ulikuwa dhaifu kidogo, una mizizi michache. Waambie hao wenzako wasiufungue ovyo. Ikiwezekana wauache na gunia lake mpaka siku ya kupanda, na uufungue wewe, pasiwe na mtu wa kukusimamia. Mti dhaifu hautaki kushikwashikwa. Basi, ni hilo tu, usilifanye kubwa.

Habari yangu mimi: wizara wameniletea barua. Nastaafu Agosti, na Waziri anakuja mwenyewe. Kitalu kitaitwa kwa jina langu. Jina langu, mwanangu, getini, kwa rangi ya mafuta! Shangazi yako ameanza kunifukuza nikashone suti. Namwambia mimi suti ya nini, nimezikwa kwenye samadi maisha yangu yote. Lakini ukweli nimefurahi. Nimefurahi sana.

Baba yako


Jumatano, 9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mnaendeleaje hapo nyumbani? Mimi niko hai, zaidi ya hapo sijui niseme nini.

Wameichoma. Yote.

Barua yako kuhusu namba themanini na saba ilinifikia siku mbili baada ya gunia kufunguliwa. Niliufungua mimi, mbele ya yule mama na vijana wake wawili. Mizizi mingine yote tuliyoiona ilikuwa mitupu na misafi, vumbi la mbao tu. Huu ulikuwa na udongo katikati ya mizizi, bonge la ukubwa wa yai. Wakauchukua kwa kijiko, wakauweka chini ya hadubini, na yule mama akaniita niangalie mwenyewe. Minyoo ya mizizi, Baba. Inacheza.

Sheria yao ni moja: mti mmoja ukiwa na udongo, shehena nzima inachomwa. Nilimwambia mia na kumi na tisa ni misafi, nikamwomba, nikalia mbele yake. Akasema anajua ni misafi. Akasema kama angeweza angeiacha. Walichimba handaki nyuma ya banda, wakaibeba miti yetu kwa toroli. Miti mibichi haiungui upesi, ilichukua siku mbili na moshi wake mweupe ukaingia mjini. Balozi alisimama mbali na leso puani. Kesho yake bendera hazikuwepo mlangoni, na gazeti lao liliandika kwa herufi kubwa: ZAWADI YENYE MINYOO.

Sasa wanauliza nani alisaini. Nimesaini mimi. Tume inakuja kutoka nyumbani. Baba, tuliosha siku nne, mimi na wewe na mpira wa maji, mpaka ngozi ya vidole ikanitoka. Siku ya mwisho zilibaki kreti tatu, ukaniambia, "Nenda kaoge mama, hizo nimeshazimaliza, we saini tu." Nikasaini. Nakuomba ukumbuke. Mti ule ulikuwa na nini? Kama kuna kitu chochote, niambie mimi.

Mwanao


Ijumaa, 2 Mei

Mwanangu,

Pole. Pole sana, mama. Tangu barua yako ifike chakula hakinishuki. Shangazi yako analia jikoni anadhani simsikii.

Nimefikiri sana. Naona ni meli. Ndani ya meli kuna mizigo ya kila aina, viazi, ng'ombe, nani ajue. Au ni pale bandarini, wapagazi wanaburuta vitu chini. Udongo hauna miguu, lakini unafika popote. Waambie hivyo, wachunguze meli.

Wewe umesoma, una vyeti, watakusikiliza. Simama imara, usiwaonyeshe machozi. Mungu atakutetea.

Huku maandalizi ya Agosti yanaendelea. Fundi amekuja kupima geti.

Baba yako


Ijumaa, 30 Mei

Baba,

Shikamoo. Kikohozi kikoje? Umwone daktari, usiishie kunywa tangawizi tu.

Tume imemaliza. Walikuwa watu watatu nyuma ya meza moja, na glasi za maji ambazo hakuna aliyezigusa. Waliniuliza kama nilikagua kila mti kwa macho yangu. Nikasema ndiyo. Waliniuliza nani alifunga zile kreti tatu za mwisho. Nikasema mimi. Mmoja wao, yule mnene, akaniambia, "Binti, fikiri vizuri, kama kuna mtu unamficha, huu ndio wakati." Nikasema hakuna.

Wamenifuta kwenye daftari la wakaguzi. Si kwa mwaka mmoja, ni kwa maisha. Wakasema nimeivunjia nchi heshima mbele ya rafiki, na kwamba nyumbani hakuna ofisi itakayonipokea. Tiketi ya kurudi ilikuwepo, nimeikataa. Nirudi nikafanye nini, nipite getini kwako watu wakininyooshea vidole?

Nimepata kazi kwenye duka kubwa la maua. Naosha vyungu. Naloweka, nasugua, napanga, saa kumi kwa siku. Mwenye duka ananiita "yule wa minyoo", hana ubaya, ndiyo mzaha wake.

Nakuuliza tena, Baba, na sitakuuliza tena baada ya hapa. Kama kuna jambo unalijua kuhusu ule mti, niambie. Kwa tume nimeshamaliza, hawatarudi. Sitamwambia mtu, hata Shangazi. Nataka tu kulisikia kutoka kwako.

Mwanao


Jumamosi, 21 Juni

Mwanangu,

Sisi wazima. Mvua imechelewa. Shangazi anakusalimu, ameumwa jino, limeng'olewa.

Kuhusu ile nyingine, tuiache. Kuzungumza hakutarudisha miti.

Kula vizuri.

Baba yako


Jumatatu, 15 Septemba

Mwanangu,

Huu ni mwezi wa tatu sijapata barua yako. Nimekwenda posta mpaka yule dada wa dirishani akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijafika. Kama unaumwa, mwambie mtu aniandikie. Kama umekasirika, nikasirikie kwa maandishi.

Sherehe ilipita tarehe thelathini mwezi uliopita. Suti ilinibana makwapani. Walikuja watu wengi, wale vijana niliowafundisha kubebesha wamekuja na wake zao. Waziri alihutubia. Alisema nimelea miti kuliko wazazi wanavyolea watoto. Halafu akasema, nami nakuandikia kama alivyosema, "Mzee huyu tunamheshimu pamoja na yale makosa ya binti yake." Watu wakaguna. Halafu wakapiga makofi, wakanigeukia mimi.

Nami nikapiga makofi, mwanangu. Nilikuwa nimekaa mbele, mikono ikaenda yenyewe.

Jina liko getini. Nikienda kule napitia mlango wa nyuma.

Baba yako


Jumatatu, 3 Novemba

Mwanangu, mama yangu,

Leo sikuulizi hali. Nina neno moja, nikianza na salamu nitalikimbia tena.

Udongo niliweka mimi.

Unaijua desturi yangu. Tangu nianze kazi hii, hakuna mti uliotoka kwenye kitalu changu mikono mitupu. Hata anayenunua mche mmoja wa kupanda dirishani kwake, nauwekea konzi ya udongo uliozaliwa nao. Nyinyi mliosoma mlinicheka, lakini miti yangu haikufa njiani. Nilipoambiwa mizizi ioshwe mpaka ibaki mitupu, nilikubali kwa sababu ni amri, nikaosha kweli, mia na kumi na tisa. Ule wako ukanishinda. Ulikuwa na mizizi minne tu iliyo hai. Nilikuwa na miti ya akiba sita, mizima kabisa, ningechukua mmoja nikaupa namba yako na hakuna ambaye angejua. Mkono ulikataa. Nilitaka siku wale watu watakapopita barabarani na kuona maua, mmoja uwe umeubebesha wewe. Nilitaka utembee chini yake. Nikakutuma ukaoge, nikauwekea udongo kidogo moyoni mwa mizizi, nikafunga. Nikajiambia konzi moja, nani ataona.

Kisha ulipoandika kwamba wamechoma, nilikuwa nimeshapata barua ya Waziri. Nikaogopa. Sina maneno mengine ya kupamba. Mwanamume wa miaka sitini na moja, niliogopa watasema Bwana Miche amekwisha, hajui hata kufunga mti. Nikasema nitakwambia baada ya tume. Tume ikapita. Nikasema baada ya sherehe. Wewe unasugua vyungu vya watu na mimi napimwa suti.

Nisamehe. Nakwenda wizarani kuwaambia. Nangoja neno lako tu.

Baba yako


Jumatatu, 1 Desemba

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Nimeisomea kazini, nimekaa juu ya kreti, mikono ina sabuni, wino umetapakaa pale pa mizizi minne.

Nilijua. Nilijua tangu siku ile gunia lilipofunguliwa.

Udongo haukuwa peke yake. Ulikuwa umefungwa kwa kitambaa cha kijani, nami ndiye niliyekifungua kwa kuwa yule mama alikuwa ameinama kuandika namba na vijana wake wamekwenda kuleta gunia jingine. Ulikuwa mfuko wa shati lako la kazini. Ule uliochanika, nikaushona mimi kwa uzi mwekundu kwa sababu mweupe ulikuwa umekwisha, ukanitania wiki nzima kwamba nimekufanya bendera. Niliutambua kabla hata sijaona udongo. Nikaukunja, nikautia ndani ya soksi. Kilichobaki kwenye mizizi ndicho walichokiona. Yule mnene wa tume aliposema kuna mtu ninamficha, ulikuwa bado kwenye soksi.

Kwa hiyo usidhani nilikuwa nakuuliza ili nijue. Nilikuuliza Aprili. Nikakuuliza Mei. Nilikuwa nakushikia mlango, Baba, upite. Kazi ningekupa. Jina langu ningekupa, na nimekupa, sikukuomba risiti. Nilitaka kitu kimoja tu: uniambie kabla ukweli haujakugharimu chochote au baada, lakini uniambie mimi, kwa sababu mimi ni mwanao na tuliosha miti ile pamoja. Ukaniandikia kuhusu meli. Ukaniandikia kuhusu jino la Shangazi. Ukakaa mbele, ukasikia "makosa ya binti yake", ukapiga makofi.

Nilipoisoma ile ya Septemba nilikaa chini kwenye maji ya vyungu, nikalia kwa sauti, mwenye duka akafunga duka mapema.

Usiende wizarani. Hukwenda nilipokuwa na kitu cha kuokoa. Sasa utakwenda kujitua mzigo tu.

Mwanao


Jumanne, 20 Januari

Mwanangu,

Nimekwenda. Najua ulinikataza. Umesema kweli yote uliyosema, hata ile ya kujitua mzigo, lakini nimekwenda.

Nilivaa ileile suti. Nikapokewa vizuri, nikapewa kiti, wakaniita Mzee wetu. Nikamweleza mkurugenzi tangu mwanzo: mizizi minne, miti ya akiba sita, mfuko wa shati. Nilimwambia ulisaini kwa sababu uliniamini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akainuka, akazunguka meza, akanishika bega. Akasema, "Mzee, mimi pia ni baba. Ningekuwa wewe ningesema hivyohivyo." Nikamwambia sikusema kwa ajili hiyo, ni kweli. Akasema, "Binti yako mwenyewe amekiri mbele ya tume. Nenda nyumbani ukapumzike." Akaita watu wa ofisi ya pili waje wanisalimie. Akawaambia, mnaona mzazi huyu? Anataka kubeba msalaba wa mtoto. Mama mmoja akatoa machozi.

Nilirudi wiki iliyofuata na kile kipande cha shati kilichobaki, kisicho na mfuko. Wakanipa chai. Nikamwandikia Waziri, akajibu kwa kunisifu. Nikachukua brashi nikafuta jina getini, mchana kweupe, watu wananiangalia. Vijana wakalipaka tena siku ya pili, wakasema Mzee ana uchungu wa mwanawe, mwacheni. Sasa napendwa kuliko zamani. Kila nikisema kosa ni langu, wananipenda zaidi. Ndiyo adhabu niliyopewa, na naona imenitosha.

Nimesikia serikali imetuma miti mingine, ya kutoka kitalu cha kaskazini. Watu wa kule waangalifu, sina shaka nao.

Shangazi yako nimemwambia. Yeye pia ameniambia, "Nyamaza kaka yangu, unajiumiza bure." Mwanangu, hakuna hata mmoja anayeniamini. Nifanyeje? Njoo nyumbani, usimame kando yangu, tuseme wote wawili. Wewe wakikusikia wataamini. Watakurudishia jina lako.

Baba yako


Jumapili, 1 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Natumaini kifua kimetulia na Shangazi yu mzima, mwambie sweta bado linavaliwa.

Miti ya kaskazini imepandwa wiki iliyopita. Nilikuwa kazini asubuhi, nikaomba ruhusa, nikasimama nyuma ya kamba pamoja na wapita njia. Balozi alikuwepo na viatu vyake. Waziri wao akashika koleo, wetu akashika ndoo, wakapeana mikono, wakapigwa picha, na yule mama asiyecheka alikuwa pembeni na daftari. Ile ya mwanzo haikutajwa hata kwa neno moja. Sitini huku, sitini huku. Nilipita baadaye nikakagua mafundo ya kamba kwa mazoea. Wamefunga vizuri.

Nchi zina bahati, Baba. Zikiharibu, hutuma miti mingine. Nilisimama pale nikatafuta ni nini mimi na wewe tunaweza kutumiana, sikukiona.

Unaniambia nije tuseme pamoja. Nimelifikiri siku nyingi. Nikija nikasema nilidanganya tume, watanifuta mara ya pili kwa uongo, na wewe watakupa chai tena. Siji. Na hata kama wangenirudisha kwenye daftari kesho, bado kungekuwa na ile miezi saba. Nikiingia nyumbani utanipa kiti, utanitania, nami nitakuwa nakutazama mikono.

Mwenye duka amenipa kazi ya kubebesha, nimeacha vyungu. Nakueleza kwa sababu hakuna mwingine atakayejua maana yake. Leo nimebebesha kumi na nane. Nimeufunga kila mmoja kama ulivyonifundisha, kidole gumba juu ya kikonyo mpaka uzi ukaze, na kila mara nilitamani uwe umesimama nyuma yangu ukinikosoa. Nakupenda, sijaacha, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Umesema hakuna hata mmoja anayekuamini. Mimi nakuamini, Baba. Nakuamini neno kwa neno. Ndiyo maana siwezi kurudi.

Mwanao